Mwingereza wa Shemeji Kitambaa

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na mbili shemeji yangu aliponunua gari la Daktari. Hapana, nimekosea. Elfu mbili na mbili ndio mwaka niliopasuliwa jicho la kushoto, na mwezi mzima nilikaa na bandeji nikilishwa kama kifaranga. Siku tuliyolipeleka gari lile kukaguliwa nilikuwa natazama kwa macho yote mawili, tena vizuri kuliko nilivyopenda. Basi ni elfu mbili na tatu. Nasahihisha mapema, maana habari yenyewe ni ya namba, na mtu akianza kwa kukosea namba hana haki ya kuwalalamikia wengine.

Shemeji ninayemsema ni kaka mkubwa wa mke wangu. Alikuwa tarishi wa hospitali: kubeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda chumba kile, kupeleka barua, kurudi na majibu. Zaidi ya miaka thelathini alitembea korido zile zile, na viatu vyake vililika kisigino cha kulia tu, kwa sababu ya kona ya maabara ambayo kila siku aliipinda kwa haraka. Mtaani tulimwita Kitambaa, kwa vile hukumkuta hata siku moja bila kitambaa mfukoni. Si leso ya jasho. Ni kitambaa cha kazi, flana ya njano iliyokunjwa mara nne. Akija kwako, kabla hajakaa, ameshapangusa kitasa cha mlango.

"Kaka, hapa umekuja mgeni, hukuja kazini," mke wangu alikuwa akimwambia.

"Si mnasema mgeni njoo, mwenyeji apone? Basi kitasa chako kimepona."

Daktari alikuwa daktari wa meno katika hospitali hiyo hiyo, mtu mrefu, mpole, mikono yake inanukia karafuu. Alisomea Uingereza, na aliporudi alirudi na vitu viwili: cheti ndani ya fremu na gari ndani ya meli. Gari lilikuwa dogo, la chini, la viti viwili, rangi ya kijani cha chupa, boneti ndefu kama mkono wa mtu anayekuonyesha njia. Rimu zilikuwa za spoku, kama za baiskeli. Dashibodi ya mbao halisi, si ya kuchora. Usukani mwembamba. Viti vya ngozi, ambavyo ukikaa vinaguna kidogo, halafu vinakukubali. Sisi tuliliita Mwingereza. Likipita, mafundi tulisimama na vifaa mikononi, na wale wasiojua magari waliuliza kwa nini mtu aliyesoma hivyo anaendesha gari ambalo halikumalizwa kutengenezwa, maana paa lake lilikuwa turubai.

Shemeji alikutana nalo mwaka wa sabini na tisa, huo sina wasiwasi nao. Alikuwa anapita kwenye maegesho na faili kwapani, akaona taa ya mbele ina vumbi. Akasimama. Akatoa kitambaa, akaipangusa taa ile taratibu, kwa mzunguko, na alipomaliza akaona si haki kuiacha ya pili. Daktari alikuwa akimtazama kutoka dirishani, na mgonjwa wake akabaki kitini na mdomo wazi akisubiri. Jumamosi iliyofuata Shemeji alikuwa gereji kwa Daktari, na Jumamosi zote baada ya hiyo, kwa miaka ishirini na minne.

Daktari alimfundisha neno moja tu: "Kitu chochote kwenye gari hili kinachoweza kung'aa, kilitengenezwa king'ae." Shemeji alilishika neno hilo kama amri. Alikuwa na vitambaa vinne. Cha kromu hakigusi ngozi, cha ngozi hakigusi mbao, cha mbao hakigusi rangi. Kwa vitu vya shaba alikuwa na kopo la dawa ya kung'arishia na kipande cha blanketi. Nikimtembelea pale gerejini ananikataza kuegemea. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nguo zangu siku zote zina cheche na mafuta, na alinitazama jinsi mama mwenye mtoto mchanga anavyomtazama mtu anayekohoa.

Ndani ya boneti, kwenye ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva, palikuwa na kibao cha shaba, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, kimeshikwa kwa ribiti mbili. Kilikuwa cheusi kwa mafuta. Daktari mwenyewe hakujua kama kipo. Shemeji alikigundua wiki ya kwanza, akakisugua, kikatoka kama pete ya arusi. Kilikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza na namba ndefu, na yeye, ambaye maisha yake yote yalikuwa namba za mafaili, aliikariri kabla ya chakula cha mchana. Tangu hapo kila Jumamosi alianzia kwenye kibao. Aliniambia, "Ukianza na kilichofichika, kinachoonekana hakikushindi."

Daktari alikuwa na magazeti ya magari, marundo kwa marundo, yaliyotoka huko huko yalikotoka magari yenyewe. Shemeji hakujua Kiingereza zaidi ya kile cha kwenye mafaili, lakini magari aliyajua kwa sura. Bentley, Aston Martin, Jaguar, aliyataja kama mtu anayetaja wajomba zake. Akinifungulia picha ya Bentley moja nyeusi, ndefu, taa kama sahani, ananiambia, "Huyu ni mtu mzima. Hana haja ya kupaza sauti." Akifungua nyingine, ya gari la mbio, jekundu, anasema, "Huyu kijana ana adabu, lakini usimkasirishe." Mimi nilikuwa naona mabati mazuri na maungio yaliyofichwa kwa ustadi. Yeye alikuwa anaona tabia. Sijui nani kati yetu alikuwa anaona sawasawa.

Mkewe hakuona chochote. Ni mama mmoja mcheshi, mshonaji wa sare za shule, na ulimi wake una makali kuliko mkasi wake. "Mume wangu anaujua mwili wa gari kuliko wangu," alikuwa akisema mbele za watu. "Mimi nina kovu hapa kisigino, mwulizeni, hajui lilitoka wapi. Mwulizeni kuhusu bampa." Shemeji anacheka, anasema, "Ulijikata na bati mwaka wa themanini na tatu." Mkewe siku hiyo anarudi kwenye mkasi wake, halafu wiki ijayo anaanza upya.

Daktari alikuwa amemwahidi. Siku nikichoka kuendesha, alimwambia, gari hili ni lako kulinunua, na bei tutapatana kama ndugu. Shemeji hakumwambia mtu isipokuwa mimi, na mimi sikumwambia mtu isipokuwa mke wangu, na baada ya hapo alijua kila mtu. Hata mkewe alijua, akasema, "Kipenda roho hula nyama mbichi. Lakini gari la viti viwili, na sisi tuna watoto wanne. Nani atabaki?"

Hapo katikati kuna jambo langu, na nikiliacha nitakuwa nimedanganya. Mwaka wa themanini na nane Daktari alirudi kutoka kazini amechoka, akagonga nguzo ya geti lake mwenyewe. Bampa lilipinda, na ncha ya mbele ya chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, upande wa kulia, ikajikunja kama sikio la mbwa. Niliitwa mimi. Nilikata kipande kilichoharibika kwa msumeno, nikakipima, nikatengeneza kingine kwa chuma kizito zaidi, nikachomelea, nikasugua mshono mpaka ukawa hausikiki kwa kidole. Shemeji aliupitishia kucha yake mara tatu, akasema, "Hapo umefanya kazi." Sifa kama hiyo kwake ilitoka kwa nadra. Kile kipande cha zamani nilikitupa kwenye chuma chakavu, na chuma chakavu kilikwenda na gari la kununua chuma chakavu, na sikukifikiria tena kwa miaka kumi na tano.

Basi, elfu mbili na tatu. Daktari magoti yamekwisha, hawezi tena kuingia kwenye gari lile la chini bila mtu wa kumsukuma na mwingine wa kumvuta. Binti yake anaishi nje, anataka baba yake akaishi naye, tiketi imeshakatwa, wiki tatu zimebaki. Mwaka huo huo Shemeji alistaafu. Kiinua mgongo chake hakikukaa hata wiki nyumbani. Waliandikiana mkataba barazani kwa Daktari, mimi shahidi, mkewe shahidi wa pili, ambaye alitia saini huku akisema, "Naandika jina langu, lakini moyo wangu haumo." Gari likaja uani kwa Shemeji, chini ya banda la mabati nililomjengea mwenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kadi. Kadi ya gari ilikuwa bado na jina la Daktari, na kuibadilisha ilitakiwa muuzaji na mnunuzi wafike wote wawili kwenye ofisi ya magari, waweke saini mbele ya karani, baada ya gari kukaguliwa. Wiki tatu tukaona ni nyingi. Tulikuwa na saini, tulikuwa na kadi ya asili, gari linawaka. Nini tena?

Siku ya ukaguzi Shemeji aliendesha yeye. Daktari alikaa kiti cha pembeni, kofia kichwani. Mimi nilifuata kwa baiskeli, na sikuachwa hata mita kumi, maana Shemeji alikuwa akiliendesha kama amebeba mayai. Watu barabarani walipiga makofi. Nilimwona kwa nyuma, shingo imenyooka, na nikajiambia kwamba mtu huyu amesubiri robo ya karne kwa ajili ya safari hii ya dakika kumi na tano.

Mkaguzi alikuwa kijana nadhifu, kalamu tatu mfukoni. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga mluzi kidogo.

"Mzee, hili limetoka kiwandani jana?"

"Sitini na mbili," Shemeji akasema, na nikaona kifua kimejaa.

"Fungua boneti tuone namba."

Shemeji akafungua. Mkaguzi akainama na kadi mkononi, akatazama kibao. Akakipangusa kwa kidole gumba. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, akachukua tochi.

"Mzee, hapa naona sura yangu. Namba sioni."

Shemeji akainama naye. Wakakaa vichwa viwili pamoja juu ya kibao kile kama watu wanaotazama kisimani. Na kweli, kilikuwa kinang'aa kama kioo, na kilikuwa kitupu kama kioo. Ile namba ilikuwa imepigwa juu juu tu tangu mwanzo, na Jumamosi elfu moja na mia mbili zilikuwa zimeifuta. Yeye hakuwahi kuona inapotea, kwa sababu hakuwa anaisoma. Alikuwa anaijua.

"Namba ninayo," akasema, na akaitaja yote, herufi na tarakimu, bila kukwama. Mkaguzi akaifuatisha kwenye kadi kwa kalamu. Ilikuwa sawasawa.

"Sawa mzee, lakini namba ya kichwani haikaguliwi. Magari kama hili yana namba ya pili, imegongwa kwenye chasisi. Mbele, kulia. Tuangalie pale."

Akalala chini na tochi yake. Mimi nilikuwa nimeshajua kabla hajalala. Akakaa kule chini muda, halafu sauti yake ikatoka: "Hapa pamechomelewa. Kazi safi sana. Nani alichomelea?"

Nikasema, "Mimi."

"Na namba iliyokuwa hapa?"

Nikamweleza habari ya nguzo na chuma chakavu. Akasimama, akajipangusa magoti, na uso wake ulikuwa umebadilika. Hakuwa mkali. Alikuwa na uso wa mtu anayefuata kazi yake. "Wazee wangu, naomba mnielewe. Namba imefutwa juu, imekatwa chini. Mimi gari la namna hii nimefundishwa kuliita gari la wizi."

Daktari akaanza kucheka, akidhani ni mzaha. Shemeji hakucheka. Mtu huyu alifanya kazi hospitalini miaka thelathini na hakuwahi kurudi nyumbani na penseli ya serikali. Alikunja kitambaa chake mara nne, akakitia mfukoni, akaendesha gari kurudi nyumbani, na mimi nyuma na baiskeli, na safari hii hakuna aliyepiga makofi, au labda walipiga na sisi hatukusikia.

Sitaki kuwachosha na habari ya madirisha. Dirisha namba mbili linakutuma namba sita, namba sita amekwenda kunywa chai, ukirudi namba mbili wanauliza nani alikutuma namba sita. Siku moja mashine zimezimika. Siku nyingine karatasi ya maelezo ya Daktari haikuwa na muhuri, tukatafuta muhuri. Siku nyingine muhuri upo lakini wino wake ni mwekundu, wanataka wa bluu. Daktari alikuwa akiletwa kila mara, anakaa kwenye benchi na fimbo yake, meno ya watu wa ofisi nzima ameyang'oa yeye, wanamwamkia kwa heshima, wanamwuliza hali, na fomu hawapitishi. Wiki ya kwanza ikaisha. Wiki ya pili ikaisha.

Katikati ya wiki ya tatu karani wa dirisha namba sita, dada mmoja mwenye miwani, alituhurumia. Alitoa fomu ambayo hatukuwahi kuiona. Ofisi ingeweza kuligonga gari namba mpya, akasema, na likapata kadi yake vizuri, mwaka wake ule ule, mradi mnunuzi aeleze namba ya zamani ilipotea vipi. Palikuwa na visanduku vinne vya kutia tiki. Wizi. Ajali. Moto. Kutu.

"Wizi unataka karatasi ya polisi," akatueleza. "Moto unataka karatasi ya zimamoto."

"Ajali basi," nikasema. "Aligonga nguzo."

"Karatasi ya polisi ya siku hiyo."

Daktari akasema kutoka kwenye benchi, "Mwanangu, lilikuwa geti langu. Nikajishtaki kwa nani?"

Dada akatabasamu, akasogeza fomu kwa kidole. "Ndiyo maana nawaambia wekeni kutu. Kutu haitaki karatasi. Wote wanaweka kutu. Baba, tia tiki hapo, saini hapa, kesho mnakuja na gari linagongwa namba."

Shemeji akaishika kalamu. Akaisoma fomu yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini. Halafu akairudisha kalamu mezani, polepole, akailaza ilivyokuwa imelala.

"Dada, hii siwezi."

Nilidhani hajaelewa. Nikamvuta pembeni.

"Shemeji, ni tiki tu."

"Imeandikwa kutu."

"Ndiyo, kutu. Nani atakuja kuuliza?"

"Shemeji yangu, mimi nimepigana na kutu miaka ishirini na minne. Nimelala chini ya gari lile na mswaki. Hujaona hata doa. Leo niandike kwa mkono wangu kwamba kutu ilinishinda?"

"Si kweli, wote tunajua si kweli."

"Basi unataka niandike lisilo kweli, halafu yule kijana aliyesema ni la wizi aonekane hakukosea sana."

Mimi nilikasirika. Nasema wazi. Nilimwambia maneno, kwamba anang'ang'ania kisanduku kama mtoto anayeng'ang'ania kijiko, kwamba Daktari ana siku nne, kwamba mimi mwenyewe nakuja kila siku na jicho langu hili na vumbi lote la ofisi ile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pole, shemeji. Nimekusumbua," na hilo likanikera zaidi.

Nyumbani mkewe alikuwa upande wangu, kwa mara ya kwanza katika mambo ya gari. Aliacha cherehani, akasimama mlangoni na sindano mdomoni, akaitoa sindano ili aseme vizuri.

"Umenunua. Umelipa. Mimi nimesaini. Sasa kwa ajili ya neno moja liwe pambo la uani?"

"Si neno moja, mama watoto. Ni kazi yangu yote."

"Kazi yako yote ilikuwa kubeba mafaili."

"Hiyo nililipwa."

Mkewe alirudi kwenye cherehani, akashona mshono mmoja, akaufumua. Baadaye nilimsikia akimwambia mke wangu jikoni, "Ningekuwa mimi ningetia tiki zote nne."

Alhamisi Daktari mwenyewe alikuja. Aliingizwa kwenye gari, pale pale bandani, Shemeji akivuta na mimi nikisukuma, wakakaa wawili kwenye viti vya ngozi, hawaendi popote. Nilibaki nimesimama kando, siegemei.

"Kosa ni langu," Daktari akasema. "Mimi ndiye niliyekwambia king'ae."

"Na kiling'aa, Daktari."

"Tia tiki, bwana. Mimi nimewaambia watu maelfu kwamba haitauma. Kila siku. Na iliuma."

Shemeji akacheka, cheko la kweli, mpaka akajifuta macho kwa kile kitambaa cha kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Lakini alitikisa kichwa. Daktari akashika usukani kidogo, akauachia, akaomba atolewe.

Jumapili aliondoka. Mwaka uliofuata, kabla ya masika, binti yake alituandikia kwamba baba amefariki, usingizini, na kwamba mwishoni alikuwa akiuliza habari za gari. Basi kadi ikabaki na jina la marehemu, na hakuna tena wa kukaa kwenye benchi kuweka saini. Shemeji analo mpaka leo. Anawasha kila Jumamosi, analipeleka mbele hatua kumi na mbili mpaka kwenye ukuta, analirudisha nyuma hatua kumi na mbili. Mkewe siku hizi hukaa kile kiti cha pili katika safari hiyo, anasema miguu yake inapumzika. Watu wamekuja kulitaka, mmoja alitoka mbali kweli, alikuwa na magari mengine ya Kiingereza matatu na akajua kusifia mbao na ngozi kwa maneno yao. Alipouliza namba, Shemeji akamtajia. Alipoomba aione, akamwonyesha kibao. Yule bwana alijitazama humo, akashukuru, akaenda zake. Kibao hakisuguliwi tena. Kimeanza kuwa cheusi pembeni, na Shemeji anakiacha.

Ila kuna Ijumaa ile, siku mbili kabla Daktari hajaondoka, ambayo sijamwambia Shemeji mpaka sasa. Nilikwenda ofisini peke yangu. Nilikuwa na fomu yake mfukoni, ile aliyorudi nayo nyumbani, niliichukua mezani kwake bila ruhusa, na kalamu yangu. Nilitaka nitie ile tiki mimi, nimpelekee asaini tu, awe hajaandika neno lile kwa mkono wake. Nikasimama kwenye foleni asubuhi nzima. Nilipofika mbele, fomu nimeiweka juu ya mbao ya dirisha, kalamu imekaribia kisanduku, nikaona mkono wangu haushuki. Nikakumbuka kucha yake inavyopita juu ya mshono wangu mara tatu.

Yule dada wa miwani akaniuliza, "Baba, mmeamua?"

Nikamwambia kuna jambo moja sijalielewa kwenye karatasi yao. Akasema niulize, akaweka kalamu chini, akanitazama vizuri, na nyuma yangu watu walikuwa wanaanza kuguna. Nikauliza. Alitazama fomu. Akaigeuza nyuma, akatazama, akaigeuza tena. Akamwita mwenzake wa dirisha namba mbili, wakaisoma wote wawili, wakaangaliana. Kisha akanirudishia karatasi yangu, kwa upole, na akaita, "Anayefuata." Nimewauliza wengine baadaye: mkaguzi, mwanasheria mmoja niliyemchomelea geti, hata yule bwana mwenye magari matatu. Nilichouliza ni hiki tu: mtu aliyeifuta namba kwa kuipenda, tiki yake anaiweka wapi?